Vidole Vinne Kwenye Majivu

Mimi Lueth mwana wa Akoi siogopi maiti. Simba nimeshamtimua kwa fimbo, mbu wa kwetu wanaoweza kubeba ndama nalala nao, sasa mtu aliyekwisha kufa atanifanya nini? Tena maiti mwenyewe ni kaka yangu.

Kaka Magot alikuwa na vidole vinne mkono wa kulia. Cha tano kilikatwa na kamba ya dume. Mto ulimchukua tukivusha ng'ombe, yeye na dume lake alilokuwa akilitungia nyimbo, kabla hajaoa. Mwili hatukuupata. Sisi Wadinka kijana akifa hivyo hatumwachi apotee kama moshi. Ukoo humwolea mke kwa ng'ombe wake, mdogo wake akaingia nyumba ile kwa niaba yake, na watoto wakawa wa marehemu. Ndivyo nilivyooa bila kuoa. Ayen ni mke wa Magot. Kila asubuhi hunipa kibuyu cha maziwa na kusema, "Kunywa, shemeji."

Mbele za watu, shemeji. Tukiwa wawili, shemeji vilevile.

Nilipokuwa kidato cha tatu mwalimu alituambia familia ni kwa jamii kama moyo kwa mwili: inazaa, inalea, inarithisha jina. Akaongeza kuwa wapo wanaobisha, wanaosema familia ni boma tu la kuzuia mali isitoke nje. Siku moja nikamtandikia Ayen somo lote hilo.

"Kuzaa tumezaa mimi na wewe. Kulea nalea mimi. Huyo Magot wako kazi yake ipi?"

Alicheka mpaka pengo la meno ya chini likaonekana. "Ng'ombe walionileta hapa walikuwa wa nani? Shemeji, wewe ni mkono tu. Umeona wapi mkono ukaitwa baba?"

Mkono! Nikausukuma kando uji wangu wa mtama.

Mtoto wetu Ngor alikuwa amefikia umri wa kutaja mababu. Ndugu wangekusanyika kwenye kambi ya ng'ombe kabla ya mvua, naye angesimama mbele ya bibi yake aseme yeye ni wa nani. Jina likishasikiwa na ukoo, halirudi. Nami nilitaka, mara moja tu maishani, mtoto niliyembeba mgongoni alitaje jina langu pale.

Basi nikamfundisha kwa siri. Asubuhi kambini moshi wa samadi hufunika kila kitu, unaona pembe zinatembea bila ng'ombe. Nilimkalisha kando ya moto, kapakwa majivu ya kuzuia mbu mwili mzima kama watoto wote.

"Sema: Mimi ni Ngor wa Lueth wa Akoi."

"Mimi ni Ngor wa Lueth wa Akoi."

Alikuwa hajawahi kusema neno tamu kama lile. Nikampa maziwa ya moto kutoka chuchu ya ng'ombe.

Asubuhi iliyofuata nikamwambia arudie.

"Mimi ni Ngor wa Magot wa Akoi."

"We! Nani kakwambia hivyo? Mama?"

"Hapana, baba mdogo. Yule wa pale kwenye kigingi."

Kila tunapohamia, mama yangu hukipigilia kigingi cha Magot, chenye kamba na kengele, ingawa hakuna dume la kufungwa. Nikaenda kukitazama. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa kiangazi, lakini kamba ilikuwa inachuruzika maji.

"Umande," nikasema kwa sauti, ili mtu asikie. Hakukuwa na mtu. Umande wenyewe tulikuwa hatujauona tangu mvua zikatike.

Sikukoma. Kichwa kigumu ni urithi wa kwetu. Nikamfundisha tena, safari hii nikimshika masikio. Alipokwisha kulitaja jina langu, kengele ikalia ndani ya moshi. Mlio mmoja, mzito, kama dume linapoinua shingo. Ngor akachomoka kuifuata huku anacheka, nikamsikia anaongea na mtu. Aliporudi, juu ya majivu ya utosi wake palikuwa na alama mbichi ya kiganja kikubwa. Cha kulia. Vidole vinne.

Niliifuta haraka. Mkono wangu ukanuka tope la mto.

Kesho yake ndiyo ingekuwa siku ya ndugu kukusanyika. Jioni hiyohiyo, wanawake wakikamua, nilijipaka majivu, nikachukua kibuyu, nikanyemelea kile kigingi kama mwizi wa ndama. Nikamwaga maziwa.

"Kaka," nikanong'ona, "mtoto ni wako. Kesho atakutaja wewe, nitamfundisha mwenyewe. Ila usimshike tena kichwa, ni mdogo. Na siku tukiwa peke yetu porini, mimi na yeye, akikosea akaniita baba... jifanye hujasikia."

Kamba ikatikisika. Kitu cha baridi kikanitua begani, kikatulia hapo, bila kuminya. Sikuthubutu kugeuka.

"Shemeji."

Ayen alikuwa nyuma yangu na kibuyu chake kichwani. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Unaongea na nani?"

"Na ng'ombe."

Hakucheka. Alikuwa anatazama majivu ya bega langu.

"Ng'ombe gani huyo," akauliza polepole, "mwenye vidole vinne?"