Moyo wa Mpika Halua

Kisauni nzima yajua kwamba Yeslam amekoroga halua miaka arobaini na tatu, na kwamba siku moja ilikolea hata paka akakatiza juu yake karaini asiache alama ya ukucha. Aliyemwona paka huyo hajapatikana mpaka leo, lakini bisha uone.

Asubuhi moja alilala kifua wazi kwenye kitanda cha zahanati, mafuta baridi yakimteleza mbavuni, na binti yake Samiha amesimama mlangoni kama askari. Walipatana hivi: moyo ukionekana mbovu, Yeslam aache karai, na halua ya harusi ya mjukuu wake Lamis, Ijumaa, ikanunuliwe.

"Ikanunuliwe!" Yeslam alinguruma. "Lamis aolewe kwa halua ya dukani, nami ni hai?"

"Tulia, babu," akasema Mbeyu, msichana wa Kigiriama aliyeshika kipimo. "Hii ni sauti tu, haisikiki. Yausukuma moyo kidogo, mtetemo ukapita ndani ya nyama. Ukienda mbio, nyama ni ngumu. Ukienda polepole, ni laini."

Yeslam akatabasamu. Hilo alilijua. Halua huibonyeza kwa kidole gumba: ikirudi mahali pake, imeiva, ikibaki imebonyea, huo ni uji. Akabana meno, akakaza kifua kama anayenyanyua gunia la sukari.

"Babu, waniharibia kipimo. Legeza."

"Nilegeze uniandike laini? Huniwezi!"

Mbeyu akacheka, akangoja, akapima tena na tena. Mwishowe akasema, "Moyo umeanza kuwa mgumu."

"Alhamdulillahi! Wasikia, Samiha? Umeiva!"

Samiha alikuwa keshaanza kulia.

"Sivyo, babu." Mbeyu akamgeuzia kioo cha mashine. "Moyo hukaza, kisha sharti ulegee damu iingie. Wako kukaza wakaza vizuri. Kulegea ndiko unakogoma. Ndiyo maana ngazi zakutoa pumzi."

Yeslam akautazama moyo wake ukifumba na kufumbua.

Daktari akaja, akaandika dawa za presha, akamwambia apunguze chumvi. Tena akasema kukoroga saa nne mfululizo, hapana.

"Mfululizo, kasema," Yeslam alidakia kabla hajafunga vifungo vya shati. "Hakusema nisikoroge!"

"Basi, Baba, kila robo saa wakaa kitako," Samiha akasema, "na mwiko nashika mimi."

"Mwanamke kwenye karai letu? Haijapata kuwa! Ami zako watasema nini?"

"Waseme. Ama mwiko, ama duka."

Alhamisi, ami watatu walikuja na kanzu zao, wakasimama uani wakiguna. Samiha alikuwa amejifunga leso kiunoni, jasho lamtiririka, akikoroga kwa mikono miwili. Yeslam, kwenye kiti, aliwatazama ndugu zake mmoja mmoja.

"Mwanangu ndiye apikaye," akasema. "Asiyetaka, wallahi, asile!"