Dakika Arobaini za Mwisho

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya Mjomba kuja kulichukua gari la Mama, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele cha gari hilo, pale kwenye kituo cha kuchajia. Nilikuwa na kalamu na nakala ya barua ya kuomba kazi ambayo haikujibiwa. Sikuwa na la kufanya.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la buluu, la umeme, na mimi ndiye niliyemshawishi Mama alinunue. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nasoma takwimu, kichwa kimejaa hewa safi na mustakabali wa dunia. Mama alikuwa dereva wa teksi kwa miaka kumi na tisa, akiendesha gari la petroli lililokohoa kila kona. Nilimwambia umeme utampunguzia gharama kwa nusu. Akaniamini. Akauza lile gari la zamani, akavunja akiba yake yote, akanunua hili.

Mwaka wa kwanza nilionekana nabii. Jioni Mama alikuwa akibaki na elfu thelathini baada ya kulipia chaji, na alikuwa akipanda ngazi anaimba. Halafu kituo kikabandika bei mpya. Kwa miezi miwili sasa alikuwa anabaki na elfu kumi na tano, siku nyingine kumi na mbili, na kuimba kukaisha.

Wenye nyumba zenye geti hawakuijua shida hii. Mtu anachomeka gari kwenye ukuta wake jioni, asubuhi limeshiba kwa bei ya umeme wa nyumbani. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, na waya wa kushuka kutoka dirisha la jikoni hadi barabarani haujatengenezwa. Asiye na geti analazimika kwenda kwenye chaja ya kasi, na chaja ya kasi ni ghali. Mimi jambo hilo lilinichoma moyo. Niliiandikia kampuni ya kituo barua ya kurasa tatu kuhusu haki. Kurasa tatu! Hawakunijibu hata kwa nukta.

Ndipo Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, anayeuza magari yaliyotumika, akatoa wazo lake. Angelinunua gari kwa bei ya kindugu, maana yake bei ya kuumiza, na kumpa Mama gari la petroli lenye umri wangu. Mama akakubali. Alikubali bila kunitazama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi Ijumaa hiyo nilikuwa nimeamua kumsindikiza siku yake ya mwisho ya kuchaji. Yeye alikuwa kwenye benchi na madereva wenzake, anacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mimi nilitazama kioo kidogo cha gari kinachoonyesha asilimia ya betri, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nikaanza kuandika namba nyuma ya ile barua. Kila dakika tano, namba moja.

"Profesa!" Dereva mmoja waliyemwita Kiherehere aliingiza kichwa dirishani. Wote pale waliniita Profesa tangu nilipohitimu, na sikuwahi kujua kama ni sifa au ni dhihaka. "Unaandika nini? Wosia wa gari?"

"Napoteza muda tu, kaka."

"Umesoma miaka yote hiyo kuja kupoteza muda? Hiyo hata mimi ningekufundisha bure."

Akaenda zake anacheka. Nikaandika. Ishirini. Ishirini na tisa. Thelathini na tisa. Hamsini. Sitini na moja. Sabini na moja. Dakika ya thelathini, themanini. Nikapiga miayo, nikapanga vitu kwenye mkoba, nikarudi kwenye namba. Themanini na nne. Themanini na saba. Themanini na tisa. Nikakaa sawa kwenye kiti. Tisini na mbili. Tisini na nne. Nikaanza kulinganisha zile namba. Ilipogonga mia, dakika sabini zilikuwa zimepita, na Mama alikuja akapiga honi mara moja, paa! Madereva wote kwenye foleni wakamjibu kwa honi zao. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao: gari likishiba, lazima litangazwe.

Mimi nilikuwa nimeshatoka mbio kwenda kusoma lile bango la bei.

Miezi miwili tulikuwa tunalipita kila siku, na kila mtu aliona jambo moja tu: bei imepanda. Hakuna aliyesoma mstari wa juu. Zamani walikuwa wanauza umeme kwa yuniti. Sasa walikuwa wanauza dakika. Mia tatu kwa kila dakika ambayo waya umechomekwa.

"Mama!" Nilirudi nakimbia, karibu nimwangushe mhudumu na ndoo yake. "Mama, usiondoke, tazama! Dakika thelathini za kwanza zimekupa sitini. Dakika arobaini za mwisho zimekupa ishirini. Ishirini tu! Na umelipa zote bei moja!"

"Punguza sauti, watu wanatutazama."

"Watutazame! Betri ni kama tumbo, Mama. Ikikaribia kushiba inakula taratibu. Unawalipa elfu kumi na mbili ili ulitazame gari likitafuna!"

Mama aliichukua karatasi, akaisoma kutoka juu hadi chini, akainua kichwa. "Kwa hiyo unasema nichomoe kabla haijajaa."

"Ukifika themanini, unachomoa, unaenda kazini. Ikishuka unarudi dakika thelathini nyingine."

Akanirudishia karatasi. "Mimi sichomoi gari nusu, mwanangu."

Nilijua kwa nini. Nikiwa mdogo, pesa zilikuwa zinatosha lita mbili asubuhi na lita mbili mchana. Wahudumu wa pampu walikuwa wakimwona kwa mbali wanaitana: "Mama Lita Mbili huyo!" Mara nyingine nilikuwa kiti cha nyuma na sare ya shule, nikiona shingo yake ikikakamaa. Siku aliyonunua gari la umeme aliapa hatatoka kituoni tena na chombo ambacho hakijajaa. Na hakuwa peke yake. Madereva wote pale walitoka kwenye petroli, na wote walikuwa na aibu hiyohiyo. Kuondoka na nusu ilikuwa ni kutangaza kwamba umefulia, huna kitu.

Tuliendesha hadi karibu na nyumbani. Kwenye taa nyekundu akasema, bila kunitazama, "Kesho. Siku moja tu. Ikifika saa kumi na moja jioni nikiwa na elfu thelathini baada ya chaji, siuzi. Ikipungua, mjomba wako achukue, na wewe usinifungulie tena mdomo kuhusu hewa safi."

"Nakubali!"

"Wewe unakubali nini, gari ni lako?"

Lakini alikuwa anatabasamu upande mmoja.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulianza na ishirini, maana chaji ya Ijumaa Mama aliimaliza kwa abiria wa usiku. Niliweka saa ya simu. Kituo kilikuwa na watu wachache, na ilipofika themanini Mama alichomoa haraka haraka, kama mtu anayechukua kitu kisicho chake, tukaondoka bila honi. Elfu tisa. Niliiandika kwa herufi kubwa.

Sijawahi kuona siku kama ile! Abiria wa kwanza alikuwa bibi mwenye miwani mipya anayekwenda kumwonyesha dada yake. Wa pili walikuwa fundi cherehani na cherehani yake. Kisha hospitali, soko, stesheni, soko tena. Kila nilipodhani sasa tungekuwa bado tumekaa kwenye benchi tukisubiri lile gari litafune, Mama alikuwa anapokea pesa ya safari nyingine. Saa sita alianza kupiga mluzi. Saa nane alikuwa anaimba, na abiria aliyekuwa nyuma akaitikia.

Saa tisa na robo tulirudi kituoni na asilimia ishirini. Foleni ilikuwa imejaa, na benchi lilikuwa limejaa vilevile. Tulipopata zamu yetu Mama alichomeka, akakaa ndani ya gari na mimi, mikono kwenye usukani ingawa gari lilikuwa limesimama.

Sabini. Sabini na tano. Themanini.

Hakutoka.

"Mama," nilinong'ona.

"Nimeiona."

Kiherehere alikuwa amesimama mbele kabisa, mikono kiunoni, akisimulia jambo. Dakika moja ikapita, ya pili, ya tatu. Mia tisa hizo, zimekwenda. Namba ilikuwa imesogea moja tu. Ningeweza kutoka mimi nikauchomoa ule waya. Ulikuwa hatua mbili tu. Lakini halikuwa jambo la kufanyiwa, na hilo nililijua bila kuambiwa.

Themanini na mbili.

Mama alifungua mlango, akatembea hadi kwenye chaja, akauchomoa waya mbele ya wote.

"Ee, dada!" Kiherehere akaita. "Mbona mapema? Mfuko umetoboka?"

Benchi likacheka. Dereva mmoja mzee, aliyemjua Mama tangu enzi za petroli, akamalizia, "Mama Lita Mbili amerudi!"

Niliona ile shingo ikikakamaa, vilevile kama zamani. Kisha Mama akaegemea gari, akauingiza mkono dirishani, na akapiga honi. Paa! Hakuna aliyemjibu.

"Ndiyo, Lita Mbili," akasema. "Na leo nimelipa chaji mara mbili, na zote mbili hazifiki ulichokilipa wewe asubuhi mara moja. Kiherehere, ulilipa ngapi?"

"Elfu ishirini na moja. Si ndiyo bei?"

"Mimi kila mara elfu tisa na kidogo. Gari lako liko ngapi sasa?"

Kiherehere akachungulia. "Themanini na tano."

"Tangu lini?"

Akachungulia tena. Mama akanyoosha kidole kwenye bango. "Someni mstari wa juu. Hawa hawauzi umeme tena, wanauza dakika, na ninyi mmekaa hapo mnanunua dakika za kupiga soga. Profesa! Waonyeshe karatasi!"

Nikatoka na ile barua yangu ya kuomba kazi. Madereva tisa wakaizunguka. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanagombania kuisoma, ingawa walikuwa wanasoma upande wa nyuma. Kiherehere alifuata namba kwa kidole, midomo ikicheza, kisha akapiga ukelele, akakimbilia gari lake na kuuchomoa waya kwa mikono miwili kana kwamba unaungua.

"Na foleni itaisha!" nikasema, maana hilo lilikuwa limenijia wakati huohuo. "Kila mtu akitoka kwenye themanini, hakuna wa kusubiri saa nzima!"

"Profesa," akasema yule dereva mzee, "miezi miwili ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naandika barua," nikasema, na nikaona aibu kweli.

Mama alikuwa ameshawasha gari. "Ingia! Saa kumi na robo!"

Tulipata safari tatu za mwisho kwa kasi ya ajabu. Saa kumi na moja kamili tuliingia barabara ya nyumbani, na Mjomba alikuwa pale kwenye ngazi, bahasha mkononi, amevaa shati la kwenda benki.

"Karibu, kaka," Mama akasema. "Ngoja kidogo, tunahesabu."

Tulihesabu juu ya boneti. Elfu arobaini na saba na mia tano za abiria. Nikatoa elfu kumi na nane na mia tisa za chaji. Nikarudia. Nikarudia tena.

"Ishirini na nane na mia sita," nikasema. Zile dakika tatu za usukani zingetupa mia tisa, na bado zisingetosha. "Imepungua elfu moja na mia nne, Mama."

Mjomba, aliyekuwa ameshasikia habari ya sharti letu, akacheka hadi bahasha ikatikisika. "Hesabu haina undugu! Lete ufunguo, mdogo wangu. Nimekuja kwa miguu makusudi, ili nirudi na kitu changu."

"Umekuja kwa miguu?" Mama akauliza.

"Si nimekwambia?"

"Kutoka kwako hadi hapa?"

"Na jua lote hili."

Mama akautazama ufunguo mkononi mwake. Akanitazama mimi, akanitazama hasa, kwa mara ya kwanza tangu ile siku aliyokubali kuuza. Kisha akazunguka, akamfungulia kaka yake mlango wa nyuma.

"Basi ingia, nikupeleke nyumbani. Kufika kwako ni elfu moja na mia tano."

Mjomba alibaki mdomo wazi. "Unanitoza mimi? Kaka yako wa tumbo moja?"

"Kwa ndugu ni bei ileile. Unalipa sasa au ukifika?"

"Na saa kumi na moja imeshapita!"

"Saa yangu iko nyuma dakika tano," Mama akasema. "Nimekuwa nikiiweka hivyo kwa miaka kumi na tisa, waulize abiria wangu."

Alilipa. Alilalamika hadi kona ya pili, lakini alilipa, na kufika kona ya tatu alikuwa anauliza, kama mtu asiyejali, hilo bango la bei limeandikwa nini hasa. Nilizishika zile noti kwenye kiti cha mbele, elfu thelathini na mia moja, na sikuweza kuacha kuzihesabu. Mama alitupa jicho kwenye kile kioo kidogo.

"Sabini na moja," akasoma kwa sauti, kama anayesoma matokeo ya mtihani, na akaanza kuimba.