Waya Chini ya Zege

...si kwamba simwamini fundi umeme, namwamini, nisichokiamini ni mkono wangu mwenyewe, huu uliozoea kunyoosha kila kitu, na hapa nilipopiga magoti kando ya mkato wa kwenye zege la njia ya gari, ule tuliouziba kwa lami asubuhi, naiona dirishani ile taa ndogo juu ya sinki la jikoni, ya kumjulisha mama kwamba gari linaingia, imezimika, na mama chini yake anakata vitunguu, ametupa mgongo, hasikii, mwaka wa pili huu hasikii hata radi, na dada yangu yuko nje ya geti ndani ya gari, injini inanguruma, nyuma kaweka sanduku tupu la kupakia nguo za mama, maana jana kwenye simu alinipa kauli ya mwisho, "Taa ikiwaka mama akageuka, abaki kwako, isipowaka naondoka naye, mdogo wangu, na usinililie, atanilaumu nani, wewe unashinda dukani na cherehani yako, yeye peke yake nyumbani, watu wanapiga honi mpaka wanachoka"... "Bado, asubiri kwanza," anasema fundi, ameinamia kile kisanduku ukutani kinachoiwasha taa, mimi nautazama mstari mweusi wa lami, ndani yake waya mmoja tu, umezungushwa mara nne chini ya zege, mduara wa ukubwa wa kitanda, kisha ncha zake mbili zinasokotwa pamoja hadi ukutani, na gari likipita juu, bila kuugusa, bila kuukanyaga hata, waya unajua, nilimuuliza fundi unajuaje akasema unahisi chuma, nikasimama juu yake nikarukaruka kama mwehu, kimya, mtu si kitu kwake, Mungu wangu, jambo kama hili lipo duniani na mimi miaka yote nashona mifuko ya suruali... na lilianza vizuri, mharibifu ni mimi, Jumamosi fundi alipokwenda kula nikaziona zile ncha zimejisokota, roho ikaniuma, nikazinyoosha moja moja, nikazilaza sambamba kama uzi wa kutarizi, nikajipongeza, kumbe kusokotwa ndiko kunakozifanya zisidake kelele za umeme wa jirani, Jumapili pampu ya maji ya jirani ikawashwa na taa ikawaka, mama akatoka mbio kafunga kitambaa kipya kichwani, hakuna mtu, ikawaka tena, akatoka tena, mara ya tatu akarudi akakaa, akakivua kile kitambaa, afadhali angenitukana... "Fundi mwenzangu, nani kazinyoosha hizi?" fundi umeme akaniuliza leo asubuhi, naye mama, ambaye hakusikia swali, alinitazama usoni mara moja akajua, si yeye aliyenifundisha kushona, si yeye aliyenichapa vidole kwa uzi uliojisokota, akazichukua ncha akazisokota mwenyewe, taratibu, kidole kwa kidole, mpaka fundi akacheka, "Mama, nikuajiri?"... "Haya, aingie!" geti linafunguka, magurudumu ya mbele yanapita mkato, siwezi kutazama, natazama, taa imewaka, imewaka na imetulia, haichezi, na mama ameinua kichwa, ameweka kisu chini, amejifuta mikono, na mimi niliyedhani namwekea ulinzi mama yangu naona ni vidole vyake vilivyofika mpaka hapa getini, chini ya zege, vikalihisi gari la mwanawe, na machozi yananitoka mbele ya fundi na sijali... mama yuko mlangoni, anapaza sauti kama kawaida yake siku hizi, mtaa mzima unasikia, "Mwanangu, karibu! Mbona hushuki?" na dada amekaa tu, mikono kwenye usukani, sanduku bado tupu nyuma yake, gari bado linanguruma juu ya waya.