Shahidi Alikuwa Mama

Mimi nina mdomo, hilo silikatai. Kama ningekuwa na masikio makubwa kama mdomo wangu, haya yasingenikuta.

Baba alituachia nyumba tatu za kupangisha. Hati ziko kwa jina la mama, kazi ikabaki kwangu, na mdogo wangu wa kiume akabaki na maoni. Tunamwita Bosi tangu akiwa na miaka sita, kwa sababu alikuwa hatumwi dukani hata kwa fimbo. Sasa ana mvi na bado hatumwi.

Kwetu hatuandikiani mikataba. Ndivyo baba alivyotaka. Mwenye nia mbaya, alisema, hafungwi na wino, na mwenye nia njema unamtukana ukimpa kalamu. Mpangaji akija, baba alimkalisha ofisini, wakazungumza, wakashikana mikono, na mama akikaa pembeni. Mwishoni mama husema neno moja, "Nimesikia." Likishasemwa hilo, mambo yamekwisha. Watu walitucheka. Mimi nilijivuna nalo, nikalisimulia kila penye watu wawili.

Mpangaji wetu wa siku nyingi kuliko wote alikuwa Mama Sindano. Miaka kumi na tisa chini kwenye ile nyumba yetu moja ya ghorofa, chumba cha mbele ana vyerehani vitatu, cha nyuma ana kitanda chake. Mwaka baba alipolazwa, bomba lilipasuka likaharibu sakafu yote. Hakutusubiri. Alileta fundi wake, akaweka sakafu mpya, wala hakudai hata shukrani. Baba alipotoka hospitali alimwita ofisini, akamshika mkono akamwambia, "Hapa utakaa mpaka mwenyewe useme basi." Mama akasema, "Nimesikia." Mimi nilikuwepo, nimesimama mlangoni na chupa ya chai.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Siku moja Bosi alikuja ofisini na mgeni, mwanaume mpole, shati limenyooka, eti anatafuta chumba cha ofisi. Akauliza utaratibu wetu. Weee! Alikuwa amegusa ugonjwa wangu. Nikamwaga yote, baba na mkono na "nimesikia," na kwamba nyumba ile nzima hutapata karatasi hata moja yenye saini ya mpangaji. Mgeni akatikisa kichwa kwa heshima, akasema watu kama ninyi wamekwisha duniani. Nikamwongezea na chai.

Wiki mbili baadaye Mama Sindano alikuja, sentimita ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Hakukaa.

"Kuna vijana wanapima chumba changu," akasema. "Nimewauliza, wananiambia ukuta huu utavunjwa. Kuna nini, binti yangu?"

Nikacheka. "Wamekosea mlango hao. Mama, nikiwa hai hutoki pale."

Nilimsindikiza hadi nje, kisha nikampigia Bosi simu. Akaniambia kwa sauti ya kumtuliza mtoto kwamba nyumba ile ya ghorofa inauzwa, mnunuzi ni yule mgeni, na anaitaka tupu.

"Umenizunguka," nikamwambia. "Umeniletea mtu mezani kwangu, nimemnywesha chai, kumbe ananipima kina!"

"Dada, mimi sikukuambia uongee. Ulimi ni wako."

Nilimtukana. Sitayarudia hapa, mengine yalinigusa na mimi kwa kuwa tumezaliwa tumbo moja. Alisubiri nimalize, kisha akanipa kitu ambacho nilikikumbatia: mnunuzi hapendi kesi. Wakili wake amesema wakikuta makubaliano yoyote na mpangaji, hata ya mdomo, mradi yana shahidi, wataiacha nyumba.

Hapo nikapumua. Shahidi si yupo! Hati ni za mama, lakini nilidhani Bosi amemzunguka na yeye. Nilishuka kwa Mama Sindano siku ileile nikamwambia alale usingizi, mama mwenyewe atasema. Wale wawili walikuwa zaidi ya mwenye nyumba na mpangaji. Miaka yote hakuna nguo ya mama iliyoshonwa na mkono mwingine. Mama Sindano akashusha pumzi, akavuta kiti, akaendelea na mshono wake.

Tulikutana ofisini kwetu, saa nne asubuhi. Wakili alikaa kwenye kiti cha baba, na hilo lilinichoma, lakini nikavumilia. Bosi alikaa karibu na mama. Mama Sindano alikaa mkabala nao, mikono mapajani. Mama alikuwa amevaa gauni la bluu aliloshonewa na Mama Sindano mwezi uliopita tu.

Wakili akaniuliza. Nikaeleza sakafu, hospitali, mkono, maneno ya baba neno kwa neno. Akamgeukia mama.

"Mama, unayakumbuka makubaliano hayo?"

Mama yangu anakumbuka bei ya unga wa mwaka niliozaliwa. Anakumbuka nani hakuja kwenye msiba wa nani, na sababu aliyotoa.

"Sikumbuki," akasema.

Nikadhani hakusikia swali. "Mama, ile siku ya sakafu. Ulikaa hapohapo ulipo."

"Mwanangu, nimesema sikumbuki."

Wakili akaandika. Mama Sindano alikuwa anamwangalia mama usoni, wala si kwa hasira, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Mama alikuwa anaangalia dirishani. Bosi akakohoa. Kisha Mama Sindano akainuka, akasema, "Haya. Asanteni," akatoka.

Nilimfuata mama nyumbani. Njia nzima sikutia neno, mimi mwenye mdomo huu. Tulipomaliza ngazi tukafika jikoni nikafunga mlango.

"Umesema uongo mbele ya watu."

"Ndiyo."

Lo! Nilitaka abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, si kwa ndiyo.

"Kwa nini, mama?"

Alivuta kiti akakaa taratibu, magoti yake siku hizi hayamsikilizi. "Baba yako alishikana mikono na mji mzima," akasema. "Kila alichotoa kilikuwa changu mimi na yeye. Aliniita nikae pale nisikie. Nikasikia. Miaka arobaini nasikia. Kuna siku uliwahi kumwona akiniuliza kama nakubali?"

Sikuwahi.

"Ndugu yako ameniuliza," akasema. "Ana tamaa, namjua, nimemzaa mimi. Lakini ameniuliza. Nataka nyumba ndogo isiyo na ngazi na isiyo na wapangaji. Nimechoka kuwa mjane wa mtu mwema."

"Na Mama Sindano je?"

Hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Huyo niachie mimi na Mungu wangu."

Sikumwachia. Nilimwambia hilo deni la Mungu amelikopa kwa jina langu, kwamba mimi ndiye niliyeshuka kumwambia mwanamke wa watu alale usingizi. Nilimwambia ni heri angenipiga kofi. Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye hakuninyamazisha. Ningeweza kumsamehe Bosi hata kesho, maana kwa Bosi sikutegemea kitu. Mama nilimwegemea mzima mzima, ndiyo maana nimeanguka chini kabisa.

Mama Sindano alihama Jumamosi. Nilikwenda asubuhi kumsaidia, nimejifunga kitambaa kichwani tayari kwa kubeba. Akanishukuru, akasema wabebaji wanatosha. Nikasimama barabarani nikiangalia vyerehani vinapakiwa, wapita njia wakinipisha.

Saa nane mchana alikuja ofisini. Alikuwa peke yake, amejitanda khanga, ufunguo mkononi. Nikainuka, nikanyoosha mkono kuupokea. Hakunipa.

"Niandikie kwanza," akasema.

"Nikuandikie nini, mama?"

"Kwamba leo nimekurudishia ufunguo, na chumba nimekiacha kizima. Weka tarehe, utie saini."

"Mama, mimi na wewe?"

"Ndiyo, binti yangu. Mimi na wewe."

Ofisi nzima haikuwa na karatasi safi. Nikachana ukurasa wa daftari nikaandika, nikakosea tarehe, nikachana mwingine. Akaipokea karatasi. Akaisoma yote, akarudia tena kuanzia juu, kidole kikifuata mstari. Kisha akauweka ufunguo mezani.