Waliobeba Milango

Darasa la wasichana lilikuwa gorofani, juu ya duka la nguo la Fakhruddin pale Chake Chake. Asubuhi za masika harufu ya vitambaa vipya vya marekani ilipenya katika nyufa za mbao ikawakuta wanafunzi wameketi juu ya jamvi, na mvua ikipiga bati mtu hujiona yumo ndani ya usingizi wa mwingine. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja nyuma. Mwalimu wao, Bi Mize binti Nyange, alikuwa mzaliwa wa Tumbe aliyesomea ualimu Unguja, naye alikuwa na maradhi mamoja tu: alipenda mambo ya kale kuliko mambo yanayoliwa.

Siku hiyo aliwagawia karatasi mbili, alizozinakili mwenyewe kwa mkono wake. Zote zilihusu Mji Mkavu, magofu yaliyo pwani ya kaskazini, si mbali na Shumba. Ya kwanza ilikuwa maneno ya Mzungu mmoja, mpima bahari, aliyepita zamani sana akaandika kwamba aliona kuta tu na miti iliyoota ndani ya nyumba, na kwamba watu wa pale walikuwa wametoweka siku nyingi. Ya pili ilikuwa hati ya wakfu iliyoandikwa miaka kadhaa baada ya huyo Mzungu kupita. Mwanamke mmoja alitoa minazi yake ili pato lake linunue mafuta ya taa ya msikiti wa Mji Mkavu, "taa isizimike."

"Mmoja anasema hapana watu," Bi Mize aliwaambia. "Mwingine anatoa mafuta ya kuwamulikia watu. Tumieni karatasi hizi mniandikie insha: watu wa Mji Mkavu waliondokaje, na kwa nini? Lakini kumbukeni, kila sentensi ina mama yake. Nikiuliza, mnionyeshe mama."

Wasichana walicheka wakajificha nyuso kwa mitandio.

Insha alizisoma baada ya alasiri, ukumbini kwake, kikombe cha chai ubavuni. Fatemabai, bintiye Fakhruddin, alikuwa amemnakili mpima bahari neno kwa neno, maana maneno yake yalitoka kitabuni na kitabu hakibishiwi. Mwanawema aliandika kisa ambacho kila mtoto wa Pemba hukijua: harusi ya jini, mji kutoweka usiku mmoja, wali ukabaki unafuka moshi katika sinia. Kisha akaifikia insha ya Kazija, msichana wa Shumba aliyekuwa akikaa na shangazi yake mjini ili apate kusoma.

"Waliondoka kidogo kidogo," Kazija aliandika, "kama maji yanavyotoka mikokoni bila kuaga. Kwanza waliondoka wenye watoto wadogo, maana kisima kilikuwa kimeingia chumvi na mtoto hadanganyiki. Walibeba milango yao vichwani. Milango ikapita ufukweni mmoja nyuma ya mwingine, imelala chali, inatazama mbingu, na hapakuwa na mtu wa kuibishia hodi."

Chai ilipoa. Bi Mize aliwaona watu wale. Aliwaona wakipita mbele ya ukumbi wake, miguu yao ikizama katika mchanga mweupe, hawasemi, na milango ikiyumba juu yao taratibu kama mashua zisizo na maji. Alikaa nao mpaka muadhini alipoita magharibi. Hapo akastuka, akajiuliza: mama wa maneno haya ni nani? Akachukua kalamu ya wino mwekundu akaandika pembeni neno moja: Umejuaje?

Kesho yake Kazija aliitazama ile alama nyekundu kwa muda mrefu.

"Nimejua tu, mwalimu," alisema.

"Kwa nani?"

"Ninawaona."

"Uliota?"

Mwanawema akanong'ona kwamba mwenzao kapandwa na pepo, na kicheko kikazunguka jamvini. Kazija aliikunja karatasi yake ikawa ndogo kama hirizi. Siku iliyofuata hakuja, wala ile ya pili yake. Shangazi mtu alituma salamu kwamba mtoto amerudi Shumba kumwangalia bibi yake.

Bi Mize hakuwa na raha. Alitaka kuwafundisha kuuliza, naye kauliza kama polisi. Ilipofika siku ya mapumziko alimwomba kakake Shaame amsindikize. Walipanda gari la abiria mpaka Konde, wakaendelea kwa miguu kati ya mikarafuu iliyolowa, na Shaame akabaki na jamaa zake njiani.

Nyumba ya Bi Matano, bibi yake Kazija, ilikuwa ya udongo na makuti kama nyumba nyingine zote za pale, isipokuwa mlango. Mlango ule ulikuwa mkubwa, mweusi kwa umri, umechongwa mayungiyungi na mnyororo kuzunguka kingo zake. Haukuikubali nyumba wala nyumba haikuukubali. Ukuta ulikuwa umepandishwa juu kuufuata, paa likainuka pale mbele kama nyusi ya mtu anayeshangaa. Bi Mize alisimama akiutazama, akasahau kupiga hodi.

"Aliyesimama nje ni mtu au kivuli?" ilisema sauti kutoka ndani. "Mtu hupiga hodi."

"Hodi, bibi. Shikamoo. Ni mwalimu wake Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Ukumbini pakavu."

Kazija alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alimwamkia mwalimu wake asiinue uso. Bi Mize aliketi mkekani, akaulizwa habari za watu wa Tumbe mmoja mmoja, akajibu, na mwisho akauliza habari za mlango.

"Huo umeitangulia nyumba," alisema Bi Matano. "Umetoka Mji Mkavu. Mama yangu alisema babu yake aliubeba, yeye na nduguye. Kisima kiliwasaliti." Alitafuna tambuu yake. "Au ulinunuliwa Wete kwa Mwarabu mmoja. Mie nshakuwa mzee, mwanangu. Mengine yalitokea, mengine niliwaimbia watoto walale, nami sasa sijui lipi ni lipi."

Bi Mize alimgeukia Kazija. "Mbona hukuandika kwamba bibi yako ndiye aliyekwambia?"

"Weye ulisema tutumie karatasi, mwalimu," Kazija alijibu. "Bibi si karatasi."

Mbuzi ikaendelea kulia, kru, kru. Maneno yale ni ya Bi Mize mwenyewe, yamerudi kwake kwa njia ndefu.

"Na ile milango kutazama mbingu?"

"Hilo niliota. Nilipokuwa mdogo nikilala hapa, kwenye upepo. Niliota mara nyingi."

Baada ya adhuhuri mvua ilikatika, na Bi Mize na Kazija wakaenda Mji Mkavu. Njia ilipita migombani, kisha ikawa hapana njia, majani tu yenye maji. Kuta zilianza bila taarifa. Mizizi ilikuwa imezishika kama vidole vinavyoshika mkate, na mwanga ulishuka kijani kibichi, mzito, hata Bi Mize akajikuta anatembea kwa ncha za miguu. Juu ya miti popo wakubwa walining'inia wamejifunika mbawa zao. Hakuna sauti iliyotoka mahali pale, lakini kimya chenyewe hakikuwa kitupu. Kilikuwa kama cha nyumba ambayo wenyewe wametoka mara moja.

Kazija alisimama kwenye kizingiti cha nyumba moja akapitisha kiganja ukutani.

"Mwalimu, njoo ushike hapa."

Fremu ya mlango haikuwapo. Pale ilipokuwa imekaa, chokaa ilikatwa imenyooka, kutoka juu mpaka chini, wala jiwe moja halikuvunjika. Mwizi angevunja. Moto ungeacha weusi. Huyu aliyeutoa mlango wake alikuwa na patasi na nafasi. Walikwenda nyumba ya pili, wakakuta vivyo hivyo. Nyumba ya tatu fremu ilikuwa bado mahali pake, imeliwa na mchwa mpaka imebaki kama sega la nyuki.

"Huyu hakupata ndugu wa kumsaidia kubeba," alisema Kazija.

"Sasa unaota tena."

Kazija alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile kalamu nyekundu.

Msikitini mihrabu ilikuwa bado nzima, na kandokando yake, makaburi mawili matatu yalikuwa na chokaa ngumu, nyeupe kuliko ya kuta zote za mji, kama iliyopakwa baadaye. Kazija alizunguka makaburi yale polepole. Alipozungumza alizungumza kwa sauti ndogo, kana kwamba yupo wa kuamshwa.

"Waliondoka mjini, hawakuondoka msikitini. Walikuwa wakirudi kuzika na kusali. Mzungu aliona nyumba, mwenye minazi alikuwa anausema msikiti. Wote wawili wana haki."

"Labda," alisema Bi Mize.

"Labda," Kazija alikubali, na neno lile likakaa vizuri mdomoni mwake.

Juma lililofuata Kazija alisimama darasani na insha mpya. Aliisoma bila kuinua macho. "Hati inasema hivi. Mpima bahari anasema hivi. Bibi yangu Matano anasema mlango wake ulibebwa, na siku nyingine husema ulinunuliwa. Mimi nimeshika kwa mkono wangu mahali palipokatwa." Mwisho kabisa, chini ya mstari alioupiga kwa rula, alisoma ile ndoto, peke yake, isichanganyike na mengine. Hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa imeanza tena, na kila msichana alikuwa akiwatazama watu wake wakipita.

Fatemabai ndiye aliyenyoosha mkono. Aliuliza kama angeweza kurudishiwa insha yake aiandike upya. Bi Mize alimpa, akawaruhusu wote waende, na ngazi zikajaa vishindo na ubishi kuhusu chokaa.

Mwanawema alibaki nyuma. Alikunja jamvi ambalo haikuwa zamu yake kulikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mwalimu," alisema, "bibi yangu aliletwa utumwani kutoka bara angali mtoto. Hana hati, hana gofu, wala mlango. Hata jina la kijiji chake halijui. Mimi nitaandikaje?"

Bi Mize aliinuka. Akavaa buibui lake.

"Yupo nyumbani saa hizi?"

"Yupo. Lakini hasemi sana."

"Basi tutakaa naye," alisema Bi Mize, na wakashuka ngazi pamoja.