Damu ya Mbae

...na Makandi wa maabara anasema bonyeza hiyo pamba mama, usiachilie, nami nabonyeza, lakini masikio yangu yamebaki kwenye lile neno la kwanza, haiko, damu ya mume wangu haiko tena ndani yangu, ananieleza taratibu kama mtu aliyeleta habari za msiba, maskini, anadhani nitalia, kwamba siku hizi kila aliyewahi kuongezewa damu hapa anaitwa kupimwa, si ukimwi, huo walishapima na niko safi, hii ni nyingine, walichukua maji ya damu yangu wakayachanganya na damu ya Mbae, yule pale nje ya dirisha aliyekumbatia sweta yangu, ikashikana vidonge vidonge, "Mwili yako ilikataa damu ya mzee kitambo, mama, ikatengeneza antibodi za kupigana nayo. Ile alikupatia iliisha zamani. Asikutolee tena"... ilikwisha, na mimi miaka mitatu natembea nayo, tangu Juni ile ya tisini na tatu nilipomzaa Caroline nikavuja mpaka godoro likalowa, na Mbae akakunja shati akawaambia toeni yote mkitaka, mjinga wangu, yote, yeye abaki na nini, wakatoa pakiti moja, nikapona, tukarudi Ruiri, mama yake akatuchinjia jogoo, halafu akasema huku anamenya viazi, hata macho hakuinua, sasa nyinyi mmechanganya damu, mmekuwa gichiaro, ule undugu wa kiapo wa wazee wetu ambao watu wake hawaoani wala hawanyimani kitu, mimi nikacheka, nikamtazama Mbae acheke, hakucheka, akahamishia blanketi lake chumba cha mahindi, eti mtoto analia sana, na mtoto aliacha kulia, sasa anaimba, na blanketi bado liko kwa mahindi... na ubaya wa mtu huyu ni kwamba hana ubaya, tangu siku ile hajaninyima kitu, nikisema kuni, kuni, nikisema mbuzi auzwe, anauzwa, siku moja kwa hasira nikamwambia ang'oe mahindi yote tupande maharagwe, akaenda kutafuta jembe, Mungu wangu, nilimkimbilia shambani nikilia, nilitaka aseme hapana, Kathambi, umerukwa na akili, nilitaka tugombane kama watu waliooana... Makandi anaongea tena, anasema lingine, zito zaidi, "Na ukipata mimba usikae nyumbani. Kuja mapema tukuangalie, juu hizo antibodi zinaweza sumbua mtoto," ukipata mimba, anasema hivyo tu, kama ni jambo la kawaida nyumbani kwangu, na naogopa, ndiyo, namwogopea mtoto ambaye hata hayupo, mwili wangu huu mkaidi, nitakuja mapema, nitakuja kila wiki hata kwa miguu, lakini hofu hii ni ya mwanamke mwenye mume, na nimeikosa miaka mitatu... Mbae anachungulia, anauliza kwa nyusi kuna nini, nami nitamwambiaje, atasikia tu kwamba nimemkataa, atainama atazame viatu vyake, hapana, nitamwambia kwa Kimeru, polepole, iliyokataliwa ni pakiti moja, na imekwisha, hatuna kiapo, hatukuwahi kuwa nacho, mama yako ni mtu mwema lakini hakusomea maabara, na akikataa kuelewa nitamrudisha humu ndani, Makandi atueleze wote wawili... damu bado inatoka, Makandi anauliza, nasema kidogo, ni uongo, imekauka, nataka tu dakika moja zaidi ya kujipanga, maana nikitoka kwenye huo mlango, kabla Mbae hajajua kwamba sasa anaruhusiwa kuninyima, nitamwomba kile kitu ambacho dada haombi.