Wimbo Uliotoka Mannheim

Gatsinzi alikuwa mwalimu wa kwaya ya Wakongomani wa Buffalo, Marekani, na mwaka ule wa 2015 alikuwa amekalia kuti kavu. Kila mkutano wa kwaya, wale wa Louisville waliwafunika. Mchungaji alishasema wazi: safari hii wakirudi na aibu, kwaya inakwenda kwa Shami, mpiga kinanda anayevaa suruali za kubana hata msibani. Kiwandani Tonawanda, Gatsinzi alikuwa msukuma maboksi tu. Mwalimu alikuwa Jumapili. Wakimnyang'anya na hilo, angebaki na nini?

Ndipo akaukuta wimbo kwenye simu wakati wa mapumziko. Mtu mweusi, macho kafumba, jasho linamtiririka, kinanda kinalia, na nyuma wanawake wanapiga makofi. Anaimba Kijerumani. Gatsinzi hakujua Kijerumani hata cha kuombea maji, lakini nyimbo nyingi za kitabu cha kanisa lao zilitoka Ujerumani. Akapiga hesabu yake: Kijerumani, kinanda, macho yamefumbwa. Huyu anamwomba nani kama si Mungu? Akautia maneno ya Kiswahili, akamweka Yesu kila palipopwaya, kwaya ikaukariri.

Sasa kuna desturi: kwenye mikutano hiyo wimbo mpya hauimbwi mpaka mwalimu ashuhudie ulivyomjia. Kusema uliukuta kwenye simu hakuna baraka. Basi kwenye mkutano wa mwaka ule, pale Whitehall, Columbus, mbele ya kanisa lililofurika, Gatsinzi alishika maikrofoni akatangaza kwamba Bwana alimpa wimbo akiwa katika maombi. Uongo ulitoka umepigwa pasi.

Wakaimba. Lo! Watu walisimama, akina mama wakarusha vitambaa, mzee mmoja wa Louisville akavua koti. Mchungaji akaamuru waimbe tena jioni, wafunge mkutano. Gatsinzi akavimba kichwa.

Kwenye foleni ya chakula, mama mmoja wa kwaya ya Louisville akamvuta kando. Aliitwa Margareta, mzaliwa wa Bukavu. Alikuwa amecheka mpaka machozi, au amelia tu, haikujulikana.

"Papa Gatsinzi, ni Mungu njo alikupatia ile wimbo?"

"Bon... mu maombi, mama."

"Basi Mungu iko na sauti ya bwana yangu."

Gatsinzi akairudisha sambusa kwenye sahani.

Akapewa historia ambayo hakuiomba. Yule wa kwenye simu alikuwa Delbert, mume wa Margareta, mwanajeshi mweusi wa Louisville aliyepelekwa Ujerumani. Wenzake walikwenda na santuri zao za muziki wa soul, wakajaza vilabu vya mji wa Mannheim. Vijana wa Kijerumani wakaja kucheza, wakajifunza kuimba, na baadaye wakaigeuza soul ikawa yao, kwa lugha yao. Delbert alibaki huko akiimba nao kwa Kijerumani cha kubahatisha, akamwoa Margareta aliyekuwa amekwenda kusomea uuguzi.

"Ile wimbo ni ya siku nilimufukuza," akasema. "Anaimba: fungua mulango, miye mujinga. Donc wewe ukaweka Yesu kwa mulango!"

"Mama, utanipeleka kwa mchungaji?"

"Hapana. Tulirudi Louisville, akafa kule, wakamuzika kama chauffeur wa bus. Hakuna mutu alisema alikuwaka muimbaji. Leo kanisa yote imesimama sababu yake. Useme jina yake. Ni ile tu."

Ni ile tu! Kwake ilikuwa kupoteza kwaya nzima. Gatsinzi alimchukia mama yule mpaka wali ukapoa. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini lile neno, chauffeur, dereva tu, lilimchoma. Naye siku yake ikifika, watamzika kama msukuma maboksi.

Jioni akapanda jukwaani.

"Wandugu, hii wimbo haikutoka mbinguni. Ilitoka Mannheim. Ni ya Delbert, bwana ya Mama Margareta. Miye niliiba, nikasema uongo."

Mchungaji alimpokonya maikrofoni akampa Shami, na kwaya juu yake. Gatsinzi akaenda kukaa viti vya nyuma kabisa, uso chini.

Margareta akaja akakaa kando yake. Kwaya ilipoanza wimbo uleule, yeye aliimba maneno ya mumewe kwa Kijerumani, kwa sauti iliyowageuza watu shingo. Gatsinzi hakuelewa neno hata moja. Alilia waziwazi, kisha mkono wake ukainuka wenyewe, akaanza kumwongoza.